Paa la Boma la Mkalama

Jumanne, tarehe 9 Mei 1995, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya kiti sebuleni kwangu, Mandewa, nikitundika mapazia niliyoyafua siku iliyotangulia, Zaituni alipoingia bila kubisha hodi. Katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kufanya hivyo. Zaituni ni binti wa wauza nguo wa Singida mjini, na kwao hodi ni nusu ya dini. "Shuka, Salome," aliniambia. "Shuka kwanza, ndipo nikwambie." Nikashuka. Mkononi alikuwa na barua ya ndege kutoka kisiwa cha Antigua, katika bahari ya Karibiani, iliyoandikwa na mpwa wa Mwalimu Verna, kutuarifu kwamba shangazi yake, aliyetufundisha historia chuoni, amefariki usingizini, na kwamba majina yetu yalikuwa katika daftari la watu aliotaka waarifiwe. Tulikaa mezani mpaka chai ikaota utando. Tulianza kwa kulia, na kwa aibu kidogo tukaishia kwa kucheka, kwa maana mtu hawezi kumzungumzia Mwalimu Verna kwa muda mrefu pasipo kufika Mkalama, na akishafika Mkalama hana budi kunicheka mimi.

Mwaka wa Mkalama ulikuwa 1970. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na niliamini, kama tulivyoamini wote siku zile, kwamba dunia ilikuwa inajengwa upya na kwamba ilikuwa ikitusubiri sisi tu tufike na majembe. Darasa letu la historia lilikuwa chumba kirefu chenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta na vidirisha sita. Mwalimu Verna alipotaka kutuonyesha picha zake tulivifunika vidirisha hivyo kwa mablanketi ya bweni, adhuhuri, huku jua la Singida likipenya katika vijishimo vilivyotobolewa na nondo na kutuchora madoa usoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi kuliko wengi wetu, mwenye miwani na sauti nzito. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa miezi minane, akakizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, polepole lakini bila kutumbukia. Mashine yake ilinguruma, kisha ukutani kikatokea kisiwa chake.

Siwezi kueleza vema msisimko ule. Tuliziona ngome za Waingereza zenye mizinga iliyoelekezwa baharini. Tukaona nguzo nene za mawe, zimesimama katika safu mbili pembeni mwa bandari ya zamani ya manowari, zisizobeba kitu chochote, kwa kuwa jengo la juu lilikuwa limekwisha kuanguka. Zaidi ya yote tukaona minara ya mawe, mifupi, minene chini na myembamba juu, imetapakaa katika mashamba kama vichuguu. Zaituni alinyosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Waislamu wa kwenu wana misikiti mingi namna hiyo?" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Si minara ya msikiti, mwanangu. Ni vinu vya miwa. Upepo ulizungusha mapanga, mapanga yakazungusha mawe, mawe yakakamua miwa, na mara nyingine yakakamua mkono wa mtu." Kisha akatuuliza swali alilokuwa akiliuliza kila picha ilipobadilika, hata tukawa tunalisema pamoja naye kama kiitikio: "Nani aliyajenga mawe haya?" Alituambia kwamba bibi yake alimsimulia jinsi mababu zao watumwa walivyochanganya chokaa na maji ya sukari guru ili mawe yashikane. Kutoka nyuma sauti ya mvulana ikasema, "Kumbe kuta za kwenu zinalambwa!" Kicheko kikapasuka, na Mwalimu akajibu kwa utulivu, "Nimewahi kuulamba. Una ladha ya vumbi. Lakini nilitaka kujua."

Mwezi wa Mei alitutangazia jambo lililotuondolea usingizi. Walimu wa kisiwani kwao walikuwa tayari kuwapokea wanachuo wawili wa Tanzania kwa wiki sita, kuanzia Januari, watembezwe katika ngome, vinu na majumba ya mabwana wa mashamba. Chuo chetu kingepeleka jina moja katika kinyang'anyiro, na kamati ya watu watatu wa Dar es Salaam ingechagua kwa kusoma insha kuhusu jengo la kikoloni lililo karibu na mwandishi. Usiku huo hakuna aliyezungumza jambo jingine bwenini. Nilikuwa nimekwisha kuiona miguu yangu ikipanda ngazi za ndani ya kinu, na niliitaka nafasi ile kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kutaka kitu chochote, wala sijataka tena kitu kwa namna ile.

Juni tukapanda lori kwenda Mkalama kulitazama boma la Wajerumani. Tuliimba tangu Singida mpaka Iguguno, tukala vumbi tangu Iguguno mpaka Kinyangiri, na kutoka Nduguti kuendelea tulisimama wote, tukishikana mabega, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuliona. Lilijitokeza juu ya mwinuko, jeupe kwa mbali na la kijivu kwa karibu, lenye kuta ambazo mtu angeweza kulala chali juu ya unene wake. Nyumba za mbele zilikuwa zimeezekwa mabati siku za Mwingereza. Bawa la nyuma lilikuwa bado na paa lake la zamani, bapa kama meza. Zaituni alishika ncha moja ya utepe wa kupimia, mimi nyingine, tukakimbia kama wendawazimu, tukipima vyumba, milango, na matundu ya bunduki ambayo kwayo tuliweza kuona ng'ombe wakishuka kwenda kunywa. Mwalimu alipita na kitabu chake cha kuchorea, akipapasa mawe kwa kiganja. Nilipanda paani kwa ngazi ya miti. Niligonga kwa kisigino. Paa lilikuwa gumu, laini, la kijivu, na liliita kwa sauti ya kitu kilichoshiba. Katika maktaba ya chuo nilikuwa nimesoma kwamba Wajerumani walisafirisha mapipa ya saruji kutoka kwao. Nikaandika katika daftari langu: *saruji*.

Mchana akina mama wa kijiji walitupikia. Tulikula katika chumba kilichokuwa ghala la boma, tukiwa tumeketi sakafuni juu ya ngozi na mikeka: ugali wa uwele, mlenda, kuku, na maziwa ya mgando katika vibuyu. Mimi niliketi karibu na mlango, na nje ya mlango, kwenye mafiga, walikuwa wapishi watatu wakizungumza Kinyiramba. Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi. Mtu akisema Kinyiramba polepole, hanifichi. Mkubwa wao, mwanamke mkongwe mwenye mikono mirefu waliyemwita Bibi Msengi kwa jina la mjukuu wake, alikuwa akisema: "Watoto wa watu wanapima paa letu kwa kamba. Hawaulizi. Paa hilo tulilipiga sisi, mimi na mama yangu na wenzake, nami sijaota hata maziwa."

"Waambie waandike, Bibi," alisema mwingine.

"Wataandika ya mjini. Mpe yule mwembamba mlenda zaidi, ni Mnyaturu huyo, kwao hawajui kupika."

Mwembamba yule nilikuwa mimi. Niliupokea mlenda, nikasema ahsante na shikamoo kwa Kinyiramba, wakapiga makofi kwa furaha. Wala sikuuliza neno lolote kuhusu paa.

Nimetafakari mara nyingi kwa nini sikuuliza, na miaka haijanisaidia kupata jibu zuri kuliko lile baya nililolijua siku ileile. Nilizaliwa chini ya paa la udongo. Nilikuwa nimemwona mama yangu, kila mwaka kabla ya mvua, akipanda juu ya tembe letu na wenzake, wakimwaga udongo uliolowekwa, wakiukanyaga na kuupiga kwa vibao vya mpini mpaka uite. Sauti ile iliyojibu kisigino changu Mkalama niliijua kabla sijajua kusoma. Lakini nilijiambia kwamba boma si tembe. Kwamba Mjerumani hakuvuka bahari kuja kulala chini ya udongo wa akina mama. Na zaidi, kwamba waungwana watatu wa Dar es Salaam hawatampeleka ng'ambo msichana aliyeandika habari za matope. Basi niliketi maktaba wiki mbili nikaandika insha ya kurasa kumi na mbili, yenye michoro iliyopigwa rula, na katika ukurasa wa nne nikasifu kwa maneno ya fahari saruji ya Ujerumani.

Insha yangu ikachaguliwa na chuo. Septemba ikachaguliwa na kamati. Mwalimu Verna alinisomea simu ya maandishi katika uwanja wa mstari, mbele ya wote, akanikumbatia hadharani, jambo ambalo hatukulizoea, akaninong'oneza, "Utapanda kinu cha kijijini kwetu. Mimi mwenyewe nitakushikia mkono." Zaituni alinibeba mgongoni akazunguka nami bendera hadi mkuu wa chuo akakohoa. Wiki ile nilikuwa nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine, vizuri mno, vya kuazima.

Oktoba tulitawanywa kwenda mazoezi ya kufundisha. Mwalimu alikwenda Dar es Salaam kushughulikia hati za safari. Mimi na Zaituni tulipangiwa Kinyangiri. Hatujamaliza wiki ya pili, katibu wa kijiji cha Mkalama akatutumia salamu. Bawa la nyuma la boma lingegeuzwa kuwa kliniki ya akina mama na watoto, watu wangefanya kazi ya kujitolea Jumamosi, na Ndugu Salome aliyeliletea kijiji sifa alikuwa mgeni rasmi. Chuo kilikuwa kimempelekea katibu nakala ya insha yangu, iliyopigwa chapa.

Tulifika saa tatu. Uwanja wa boma ulikuwa umejaa watu, milima ya udongo mwekundu, mapipa ya maji, na wanawake waliovaa khanga zilizofungwa vifuani tayari kwa kazi. Katibu, kijana mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi kali, alipanda juu ya jiwe akasoma insha yangu yote. Alisoma vizuri. Alipofika ukurasa wa nne aliinua sauti: "Paa hili lilisakafiwa kwa saruji bora iliyosafirishwa kutoka Ujerumani, nalo halijapitisha tone la maji tangu siku lilipojengwa!"

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Ndugu Katibu, kama halipitishi tone, sisi leo tumeitwa kufanya nini?"

Kicheko cha uwanja mzima. Katibu alitazama karatasi kana kwamba imemgeuka. Ndipo nilipomwona Bibi Msengi akisogea mbele, mkono kiunoni. "Saruji ndiyo nini?" aliuliza.

"Ni unga wa Wazungu, Bibi. Ukiloweshwa ukakauka unakuwa jiwe."

"Ahaa. Na ukishakuwa jiwe, maji yanauweza?"

"Hayauwezi kamwe."

"Basi niangushieni kipande." Mwanamke aliyekuwa paani akabandua kipande cha ukingo kikubwa kama andazi, akakirusha chini. Bibi Msengi akakipangusa, akaomba bakuli la maji, akakitumbukiza, akaja akaliweka bakuli mbele ya miguu yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayemwandalia mgeni. "Mjukuu wangu, wewe ni msomi. Tulindie jiwe hili wakati watu wanakunywa uji."

Nimewahi kukaa katika mitihani mingi, lakini hakuna uliokuwa mrefu kama bakuli la uji wa siku ile. Watu walikunywa, wakiongea, wakinichungulia. Zaituni, aliyeketi ubavuni mwangu, alikuwa wa kwanza kuona. "Salome," alinong'ona, "jiwe lako linapumua." Viputo vilikuwa vikipanda. Kona moja ikalegea, ikaanguka. Kisha nyingine. Maji yakageuka kijivu, halafu mekundu, na juu yake yakaelea makapi ya uwele na vijiti vidogo vya nyasi, ambavyo mwanamke fulani alivichanganya kwa mikono yake ili udongo usipasuke. Uji ulipokwisha, ndani ya bakuli hapakuwa na jiwe. Palikuwa na tope.

"Kunywa saruji yako, Mnyaturu!" alipaza sauti mama mmoja, na sidhani kama nimewahi kusikia watu wakicheka vile. Walinicheka kwa ule utani wetu wa makabila unaoruhusu kumvua mtu kilemba chake na kumwachia kichwa. Bibi Msengi hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu akasema kwa Kinyiramba, polepole, ili nisipate pa kujificha: "Wewe ulinisikia siku ile. Ulipokea mlenda wangu na ukanisalimu kwa lugha yangu. Mimi nilisema mwenyewe moyoni, huyu amesikia."

"Nilisikia, Bibi," nilisema. "Nisamehe."

"Paa la udongo halijengwi mara moja. Kila mwaka kabla ya mvua. Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza, akatuita vilevile, pandeni. Wao walilala chini yake, sisi tulikuwa juu yake. Sasa utapanda, au wewe ni wa chini?"

Nilivua viatu. Zaituni, ambaye kwao wanaezeka bati na hakuwa amewahi kukanyaga tope kwa hiari, naye akavua vyake. Tulipanda ngazi, tukapewa vibao, tukawekwa katika safu. Ningependa kuandika kwamba nilijawa na majuto, na kwa kweli yalikuwapo. Lakini nilichokihisi zaidi, na ninakihisi hadi leo katika viganja, ni furaha. Mikono yangu iliijua kazi. Udongo ulimwagwa, tukaukanyaga tukisonga nyuma, kisha vibao vikaanza, upande mmoja ukipiga na upande wa pili ukijibu, na kutoka chini yetu boma lote likaanza kuita kama ngoma. Niliwaona ng'ombe mbugani wakiinua vichwa. Bibi Msengi aliketi kwenye kona, akitega sikio, akinyosha kidole, "Pale bado. Pale panalia kibichi." Wakati wa mapumziko nilimwomba anitajie aliopanda nao mara ya kwanza. Alitaja, akaacha, akataja tena, na mimi nikaandika kwa penseli nyuma ya insha yangu iliyopigwa chapa, karatasi ikichafuka kwa vidole vyangu.

Baada ya siku hiyo ilinichukua wiki nne kuandika barua moja. Nilijua itakachogharimu. Insha ilikuwa ikingojea kuchapishwa. Kamati ilikuwa imeisifu hasa kwa kile ilichokiita maarifa ya vifaa vya ujenzi. Zaituni alinishauri niende kwanza nikiri nikirudi. "Tope litakusubiri," alisema, "ndege haitakusubiri." Ulikuwa ushauri wa rafiki anipendaye. Ili msomaji asiisome barua akitafuta matokeo, niyaseme sasa: Mwalimu Verna aliipeleka kwenye kamati bila kupunguza neno, kama nilivyomwomba, na nafasi ikapewa mwanachuo wa chuo kingine. Sijaikanyaga Antigua. Barua yenyewe Mwalimu aliitunza, na mpwa wake ameirudisha pamoja na habari za msiba. Nimeisoma kwa macho ya mwanamke wa miaka arobaini na mitano nikaona kwamba imeandikwa vibaya hapa na pale, lakini sioni cha kubadili.

*Kinyangiri, 21 Novemba 1970*

*Mwalimu wangu mpendwa,*

*Shikamoo. Mimi na Zaituni hatujambo, watoto wa darasa la nne nao wameanza kutuzoea.*

*Naandika kukujulisha kwamba ukurasa wa nne wa insha yangu ni uongo. Si kosa la kutojua, Mwalimu. Paa la bawa la nyuma ni la udongo, na nilisikia hivyo kwa masikio yangu siku tuliyokwenda wote, nikaacha kuandika kwa sababu niliitaka safari. Ulituuliza mwaka mzima nani aliyajenga mawe, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa aliyelijenga, nikala chakula chake.*

*Naomba uiarifu kamati. Wakisema nafasi si yangu tena, watakuwa wamesema haki. Nisingependa udhani kwamba naitoa kwa moyo mweupe. Bado naitaka sana. Jana tu niliota kinu.*

*Hata kama sitakwenda, naomba insha isichapishwe ilivyo. Ukurasa wa nne ufutwe wote, na mahali pake pawekwe maneno haya: Paa hili lilipigwa kwa mara ya kwanza na wanawake wanane wa Mkalama, na tangu hapo limepigwa upya kila mwaka na binti zao. Majina yao ni Nyamizi; Kiula; Mwaja na dada yake Nzigo; mama yake Bibi Msengi, aliyeitwa Sita; Bibi Msengi mwenyewe, ambaye jina lake la utotoni ni Tabu; na Mkami, aliyeanguka kutoka ukingoni akavunjika nyonga na akaendelea kuchanganya udongo akiwa amekaa.*

*Hao ni saba. Wa nane Bibi amemsahau jina, na amesikitika sana. Anakumbuka tu kwamba alikuwa mrefu, mkali, na kwamba wenzake wote walipoimba yeye alikataa kuimba. Mwandike hivyohivyo, Mwalimu.*

*Mwanafunzi wako,*

*Salome*